Semeni na Ng'ombe Wasiokuwapo

Ndoto ya mbwa i miguuni. Ndivyo bwana mifugo alivyomwambia yule kijana wa mbele, aliyemleta mbwa wake kuchanjwa huku shingo imechubuka kwa kamba, na ninyi mkacheka kwa sababu hamkuelewa. Mimi sikucheka. Sasa mnaniuliza maneno yale yametoka wapi. Foleni yenyewe haisogei, na mbwa wenu wamechoka kunusana, basi kaeni hapa kwenye kivuli cha ukuta niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Milembe, nyanya wa mama yangu. Aliishi katika nchi hii hii ya Usukuma, zamani ambapo mbuga ilijaa ng'ombe na watu walijua saa kwa kutazama vumbi lao. Alikuwa mjane. Mumewe, Luhende, alimwachia zizi la ng'ombe na mbwa mmoja wa rangi ya majivu, naye Milembe akampa mbwa huyo jina la Semeni. Mnaijua desturi ya wazee: mwenye neno na majirani hakwenda kugombana nao, alimpa mbwa wake jina kisha akawa anamwita kwa sauti. Majirani walikuwa wamesema sana kwamba mjane hawezi kuchunga. Basi kila asubuhi Milembe alisimama mlangoni mwa zizi akaita, "Semeni, Semeni," nao wakasikia mpaka wakazoea.

Semeni hakuwa mbwa wa kubweka ovyo. Kazi yake ilikuwa moja, na aliijua kuliko wachungaji wengi wenye fimbo. Aliwatoa ng'ombe alfajiri, akawapitisha kando ya mashamba ya mtama bila hata mmoja kuonja jani, akawafikisha malishoni na majini, na jioni akawarudisha wote. Milembe alimfuata nyuma taratibu, mikono mgongoni, akiimba. Alikuwa akisema kwamba yeye hachungi, anasindikiza tu.

Kisha ikaja sotoka. Sitaeleza mengi, maana hata bibi yangu hakupenda kuyaeleza. Ng'ombe walitokwa machozi na makamasi, wakalala, hawakuinuka tena. Katika mwezi mmoja nchi nzima ilinyamaza. Watu waliamka asubuhi wakangojea mlio ambao haukuja, na siku zikawa ndefu na tupu, kila mtu akitembea kama aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Milembe aliwasha moto, akausahau, akauwasha tena.

Watu angalau walijua kilichotokea. Mbwa nani angemweleza? Semeni alisimama mlangoni mwa zizi tupu siku tatu. Siku ya nne akaenda kutafuta kazi. Aliwakusanya mbuzi wa jirani, akawaleta wote zizini kwa Milembe, akaketi mlangoni ulimi nje, akingoja kusifiwa. Kesho yake akaleta mbuzi wa jirani mwingine. Keshokutwa, alipowakosa mbuzi, aliwaleta watoto saba waliokuwa wakicheza mchangani. Hakuuma hata mmoja, aliwazungukazunguka tu, mpaka wakajikuta wamo zizini wanalia. Mimi nikifika hapa hucheka. Mama zao hawakucheka.

Maneno yakaanza. Walisema mbwa ni mwizi, tena amefundishwa na mwenyewe, na kwamba siku moja atakutana na mshale. Milembe akaogopa. Ng'ombe walikuwa wamekwenda, Luhende alikuwa amekwenda, na katika boma lile hapakuwa na kiumbe mwingine aliyeikumbuka sauti ya mumewe ila Semeni peke yake. Hakuwa tayari kumpoteza naye. Basi akafanya kosa ambalo hufanywa na mtu anayependa: alikata ukanda wa ngozi, akamfunga kwenye nguzo ya kihenge cha nafaka.

Alimfunga kwa wema, msimdhanie vibaya. Alichagua upande wenye kivuli. Alimwekea maji katika kibuyu kilichokatwa, akamgawia uji wake wa mtama, na alipopata samaki wakavu, supu ilikuwa ya Semeni kwanza. Alidhani mbwa akishiba na akiwa salama, hana lingine la kutaka. Hata leo wapo wanaodhani hivyo, na wengine wamo katika foleni hii.

Siku za kwanza Semeni aliizunguka ile nguzo. Akaizunguka tena, na tena, mpaka ardhi ikachimbika na kuwa mfereji. Kisha akaanza kujitafuna mguu wa mbele hadi nyama ikaonekana. Uji akaukataa, supu akaitazama tu. Milembe alipoinama kumbembeleza, mbwa alimngurumia, naye Milembe akakaa chini palepale akalia, kwa sababu tangu alipokuwa kitoto Semeni hakuwahi kumngurumia. Majirani walioona wakapeleka habari kwa wazee kwamba mbwa wa Milembe ana kichaa. Wazee wakaketi, wakaamua apigwe mshale kabla hajadhuru mtu. Milembe aliwasihi sana. Wakampa siku tatu za kumuaga, wakasema siku ya tatu, jua likiwa utosini, Machibya atakuja na upinde.

Machibya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa rika la Luhende, walichunga pamoja tangu hawajaota ndevu, na ng'ombe wake naye walikuwa wamekwisha wote. Walimchagua kwa sababu mkono wake haukutetemeka, ili mbwa asiteseke.

Siku ya tatu Milembe aliketi chini ya kihenge tangu asubuhi, amemwekea Semeni mkono mgongoni, na siku hiyo mbwa hakunguruma. Wote wawili walikuwa wamechoka. Joto la mchana likawalemea, nzi wakaacha kuruka, na kichwa cha Milembe kikaegemea nguzo. Akiwa hajalala wala hayuko macho, alisikia kwato. Alisikia ng'ombe wakipumua na kusukumana mlangoni, akanusa maziwa ya moto, na ingawa alijua hawapo, hakufumbua macho, aliwaacha wapite. Wakapita wengi, polepole.

Alipozinduka, mikono yake ilikuwa inakwenda. Vidole vilifumba na kufumbua kwa zamu, kulia, kushoto, vinakama. Aliitazama kwa mshangao, maana hakuwa ameiamuru. Ndipo akamtazama Semeni. Amelala ubavu, macho yamefumba, na miguu yake minne inakimbia. Ilikimbia hewani bila kugusa chini, na ule ukanda wa ngozi ukawa unatikisika.

Machibya alikuwa ameshaingia uani. Mshale ulikuwa tayari kwenye upinde.

"Mayu Milembe," alisema, akimwita mama kwa heshima, "sogea kidogo."

"Ngoja aamke, shemeji. Msafiri haulizwi mashtaka akiwa njiani."

"Safari gani tena?"

"Itazame miguu."

Machibya akaitazama kwa haraka ya mtu mwenye kazi. Kisha akaitazama bila haraka. Miguu ilikwenda taratibu, ikapunguza, halafu ikachapuka ghafla. Kichwa cha mbwa kikapinda kushoto, na kooni mwake ukatoka mlio mdogo, mfupi, ambao haukuwa kilio wala ukali. Machibya aliujua mlio huo. Aliushusha upinde.

"Hapo ni penye jabali jeupe," alisema kwa sauti ya chini. "Anawageuza wasiporomoke korongoni. Palikuwa na fahali wangu mmoja mkaidi, kila siku alitaka kupita huko huko." Miguu ya Semeni ikalegea, ikawa inapiga hatua ndogondogo. "Sasa wameona maji. Waache wanywe."

Wakangoja. Watu wazima wawili, na jua kali, wakawangojea ng'ombe waliokufa wanywe maji. Machibya alichuchumaa, akafuta machozi kwa kiganja, wala hakujificha. Baada ya kitambo aliuliza mbwa amefungwa kwa muda gani. Milembe akamwambia ni karibu mwezi mzima. Akauliza kama ameuma mtu. Hapana, hata mmoja.

"Mwenye kichaa hamalizi siku kumi," alisema Machibya. "Huyu si mgonjwa. Huyu amenyimwa njia."

"Ni mimi niliyemnyima," alisema Milembe. "Nilidhani namtunza."

Semeni alipoamka, Milembe alifungua ule ukanda kwa mikono yake mwenyewe. Mbwa hakujua kama amefunguliwa. Aliuzunguka mfereji wake mara moja, akasimama, akanusa hewa. Milembe akaanza kutembea kuelekea lambo, hakumwita, hakugeuka nyuma. Hakufika mbali. Kitu cha rangi ya majivu kilimpita pembeni, kinachechemea mguu mmoja, kinakimbia.

Machibya alirudi kwa wazee na mshale wake, akawaeleza alichokiona. Nadhani aliwaeleza vizuri, kwa sababu hakuna mzee aliyempinga, na wengine waliondoka barazani bila kuaga, wakaenda kukaa peke yao. Wakakubaliana kwamba kila asubuhi mbuzi wa kijiji wakusanywe na kukabidhiwa kwa Milembe na mbwa wake. Waliokuwa wakimwita mwizi ndio waliowahi kuwaleta wa kwao. Jioni Semeni alirudisha kila mbuzi mlangoni pake, maana sasa alikuwa ameonyeshwa pa kuwapeleka. Milembe akawa anamkagua nyayo, anamtoa miiba na kupe, anampa maji, kisha anamwacha alale mahali ambapo macho yake yanaiona njia. Ule ukanda hakuutupa. Siku za ngoma, walevi wanaporusha mawe, alimfunga ndani kwa usalama wake. Ngoma ikiisha alimfungua kabla hata ya kufagia ua.

Miaka ikapita. Ng'ombe wakarudi, mmoja huku, wawili kule. Semeni akazeeka, meno yakamwisha, na ikafika siku ambayo alijaribu kuinuka asubuhi asiweze. Milembe akamtandikia ngozi karibu na mlango wa zizi. Hapo alilala mchana kutwa, na miguu iliyoshindwa kumbeba akiwa macho ilikimbia akiwa usingizini. Wageni walipoona walimhurumia, wakitaka kumwamsha, wakidhani anaumwa. Milembe aliwakataza.

"Mwacheni," alikuwa akisema. "Bado hajawafikisha nyumbani."

Alasiri moja miguu ile ilikimbia muda mrefu kuliko kawaida. Kisha ikaacha kukimbia, ikawa inatembea. Kisha ikasimama, mmoja baada ya mwingine, kama alivyokuwa akisimama yeye zamani ng'ombe wa mwisho anapovuka mlango. Milembe aliweka kiganja ubavuni mwake, akakaa hivyo hadi kivuli kilipohama. Waliokuwa uani wakamuuliza vipi.

"Wameingia wote," alisema.

Tangu siku zile, katika nchi yetu, mtu akionekana anapewa kila kitu na bado ananyauka, wazee hawaulizi amekula nini. Huuliza kama kuna aliyekaa naye kimya hata akaona anakokimbilia. Nasi tunaofunga kamba kwa mapenzi, wanangu, huambiwa neno moja tu, kama alivyoambiwa yule kijana: ndoto ya mbwa i miguuni.