Nguchiro Adai Kofi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakioleana na kuazimana chumvi, palikuwa na kiboko mmoja jina lake Chogo.

Kwao kulikuwa na mila, wanangu, mila ya ajabu! Mtoto akiota jino la kwanza, baba yake humzaba kofi mbele ya ukoo mzima. Paa! Chogo alizabwa lake, na tangu siku hiyo sikio lilimlilia nziii, hata akiwa usingizini. Sasa mwanawe Tumbwe ameota jino. Ndugu wamejaa uani, pilau imeiva, na wote wanamngoja Chogo.

"Baba, hivi ni lazima?" Chogo alimuuliza baba yake, Mzee Mafumba.

"Lazima! Hilo kofi ni urithi wetu. Babu yako alinipa mimi, mimi nikakupa wewe. Mpe mwanao!"

Chogo akainua mkono. Roho ilimuuma.

"Hodiii!" Puu! Nguchiro aliruka ua na kikapu chake, akajilaza chali mkekani kando ya mtoto. Huyo alikuwa mtani wao, na mtani akija shughulini haambiwi hapana.

"Nasikia leo mnagawa urithi. Haki yangu iko wapi?"

"Chukua pilau uondoke!" alifoka Mafumba.

"Pilau kuleni wenyewe, mabwege nyie. Mimi nataka hilo kofi."

"Likikupata utakuwa chapati!"

"Nani kasema nipigwe? Nataka kulimiliki. Au mnavunja utani?"

Kuvunja utani ni mkosi, hata vyura wanajua.

"Mpe," Mafumba alinguruma. "Tuone atalibebaje."

Chogo akashusha kiganja, akakikung'uta juu ya kikapu cha Nguchiro. Nguchiro akainua kikapu, akapepesuka. "Uwiii! Zito! Kofi lenu mnalilisha nini? Haya, sasa ni langu. Atakayelitumia bila ruhusa yangu ni mwizi!"

Wageni wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Chogo akamkumbatia mwanawe, akalia kwa furaha bila kujificha.

Nguchiro hajafika mbali, Mzee Mafumba akamkimbilia, tifu tifu tifu. Nguchiro akajua leo kapatikana. Lakini mzee aliinama tu, kashika shavu.

"Mtani," alinong'ona, machozi yakimlenga, "na lile nililopigwa mimi... nafasi ipo?"

"Tia, mzee. Tia yote."

Basi wanangu, si kila alichoacha babu ni cha kurithi.