Nyusi za Oydin

Kitu kilicho mvunguni hakiji mezani kwa kuitwa. Unaweza kukisifia, ukakililia, ukakaa kitandani ukining'iniza miguu na kukisubiri. Chenyewe kimetulia tu na vumbi lake. Anayekitaka atashuka, atapiga magoti, atakunja mgongo na kuingiza kichwa penye giza. Wengi tunalijua neno hilo tangu utotoni na tunalisema kwa ulimi. Oydin wa mjini Kokand alilijua kwa nyusi zake.

Mwaka wa mitihani, baba yake Oydin alilazwa kitandani na ugonjwa wa mgongo. Mama yake, Muattar, alishinda kwenye mashamba ya pamba, hivyo binti ndiye aliyemgeuza baba, akamlisha na kumwosha. Baba alipoinuka, wenzake Oydin walikwisha kufanya mtihani, wakapewa vyeti, wakatawanyika. Yeye alitoka shuleni mikono mitupu kama mtu aliyekwenda sokoni akasahau kikapu.

Alibisha hodi kila mlango. Kwenye kiwanda cha kushona mashati wakamuuliza cheti. Kwenye duka la dawa, alikoomba kufagia tu, wakamuuliza cheti.

"Siku hizi hata ufagio umesoma," alimwambia mama yake, akacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa cha kuzuia chozi.

Mama yake mdogo, Hamro, alikuwa amerudi likizo kutoka Urusi, anakoosha vyombo mgahawani. Alimtazama akakata shauri papo hapo. "Matikiti yakiisha sokoni, napanda treni. Usipopata kitu hapa, unakuja na mimi. Sahani haziulizi cheti."

Oydin akainama kumimina chai ili wasimwone uso. Hakutaka kwenda kuosha sahani za watu asiowajua, katika baridi ya kugandisha mate. Alitaka kazi ya mikono yake, hapa hapa, katika mtaa ambao kila mbwa alimjua kwa jina. Tangu siku ile, kila alipopita sokoni aliyatazama malundo ya matikiti kama mgonjwa anavyoitazama saa ukutani.

Siku moja alitumwa kununua mikate kwa Salomat-opa. Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyo opa, yaani dada mkubwa, hata wanaume waliomzidi umri, kwa sababu wote walikula mkononi mwake. Oydin alimkuta akinung'unika mbele ya tanuri, jasho likimtiririka.

"Mwanafunzi wangu kaolewa mji wa mbali, Andijon, kaniachia majivu," alisema. "Mtu unamfundisha mpaka anaiva, halafu mwenye meno anakuja kumla."

Moyo wa Oydin ukaruka kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Maneno yakamtoka kabla hajayapanga. "Nichukue mimi, opa. Ila sina cheti."

"Cha nini? Unataka kuisomea mikate hadithi?" Salomat-opa alijifuta uso kwa kiwiko. "Mimi swali langu ni moja. Unajua kuinama?"

"Nani asiyejua kuinama?"

"Utashangaa," alijibu mwokaji.

Oydin alirudi nyumbani mbio, akasahau mikate, akarudi tena kuichukua, akasahau chenji.

Kesho yake mama alimpeleka kama ilivyo desturi, na kitambaa kipya cha kichwa na tikiti moja kubwa. Akamsukuma binti mbele kidogo na kusema yale wasemayo wazazi wanapomkabidhi mtoto kwa fundi amfunze, hata kwa fimbo: "Nyama yake ni yako, opa. Mifupa ni yangu."

"Nyama yenyewe iko wapi?" Salomat-opa alimpima Oydin kwa macho. "Nitaanza kwa kumlisha. Lakini sikia, Muattar, sitaki kukudanganya. Nitamtazama mpaka matikiti yaishe. Akibandika mkate ukashika, ni mwanafunzi wangu. Asipoweza, treni haijapata kukataa abiria."

Hivyo Oydin akaingia kazini, na kazi ikamwingia. Kila kitu kilimfurahisha. Alipenda kuchekecha unga mpaka kope zikawa nyeupe. Alipenda kuugonga mkate mbichi katikati kwa muhuri wa misumari, ukaacha ua. Alijifunza kuwasha moto wa mabua ya pamba na kuutazama: kwanza kuta za tanuri hupiga weusi kwa masizi, halafu moto unapokolea masizi huungua, na kuta hugeuka nyeupe kama zilizopakwa chokaa. Hapo ndipo tanuri husema liko tayari. Oydin aliwahi kila siku kuliona likisema.

Jambo moja tu lilimshinda, nalo ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Tanuri lile lililala ubavu juu ya jukwaa la udongo, mdomo wake ukimtazama mwokaji kifuani, na mikate hubandikwa ndani, kwenye kuta na darini. Mwokaji huvaa mkono wa nguo nene hadi begani, huulaza mkate juu ya takia dogo la mviringo, huulowesha mgongo kwa maji ya chumvi, kisha huingia: mkono, bega na kichwa.

Na kichwani pake Oydin alikuwa na nyusi. Wasichana wote wa mtaani walikamua majani ya usma na kujipaka ili nyusi ziwe nyeusi, lakini za Oydin zilijulikana. Zilikuwa kama mabawa mawili ya mbayuwayu. Shuleni hakupewa cheti, bali nyusi hizo alipewa na Mungu, na hakuwa tayari kuziunguza. Kwa hiyo alisimama mdomoni mwa tanuri, akafumba macho, akanyoosha mkono na kuurusha mkate. Ulishika kidogo, ukajifikiria, ukaanguka kwenye makaa.

"Umeusalimia ukuta kutoka barabarani," alisema Salomat-opa. "Ukuta hauitikii salamu za mbali."

"Anaogopea nyusi," alidakia Holida, msichana aliyefanya kazi hapo tangu zamani, mwenye ulimi mkali kama wembe. "Nenda uzikatie bima kwanza, mdogo wangu, ndipo urudi."

Oydin aliuopoa mkate kwa koleo, akaubusu na kuugusisha kwenye paji la uso, maana mkate ulioanguka hauachwi chini. Siku hiyo aliibusu mingi. Na siku zilizofuata pia. Salomat-opa hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alikuwa akitazama tu, kama alivyoahidi.

Likaja juma ambalo wauza matikiti walianza kubomoa mabanda yao. Hamro alikwisha kununua tiketi yake, na begi la pili, tupu, lilikuwa limewekwa kando ya mlango.

Juma hilo hilo wazee wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kumposa Holida. Pale kwao posa haifungwi kwa maneno. Mikate miwili mikubwa ya patir, yenye mafuta ya kondoo kati ya tabaka zake, huletwa pamoja, na mzee huivunja mbele ya wote. Ikishavunjwa, binti ameshatolewa kwa mume. Nayo haiokwi na mposwa mwenyewe. Ingekuwa kama mtu kujisukuma mwenyewe nje ya mlango wa kwao.

Salomat-opa aliziandaa patir mbili, akazifunika, akavua aproni yake. "Zitabandikwa na wewe," alimwambia Oydin. "Mimi nakwenda kwa kina Holida kupokea wageni. Zisipofika, watu watakunywa chai na kutazamana mpaka jioni."

"Opa, na zikianguka?"

"Basi tutajua," alisema mwanamke yule, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Oydin alibaki na tanuri, ana kwa ana. Ndani alikuwa anachemka kwa furaha, kwa sababu alikuwa na siri. Alikuwa amewaza usiku kucha. Akachukua mpini wa ufagio, akalifunga takia lile nchani pake kwa kamba, akakaza kwa meno. Sasa angeufikia ukuta wa ndani kabisa na nyusi zake zikae nje kwenye upepo. Akajiona ana akili kuliko waokaji wote wa Kokand na mama zao.

Akaweka patir ya kwanza, akasukuma. Ikashika. Oydin akaruka juu. Lakini mpini hauna kiganja. Ulikandamiza katikati tu. Kingo zikaanza kulegea na kuning'inia kama masikio ya punda, halafu patir nzima ikajimenya ukutani polepole, ikalala kifudifudi juu ya makaa.

Mkate kifudifudi. Pale kwao hata mtoto mchanga wa kutambaa hufundishwa kwamba mkate haulazwi kifudifudi. Oydin aliuchomoa kwa haraka, upande mmoja umevaa majivu, akaubusu ukiwa wa moto mpaka mdomo ukamwungua, akaukunja ndani ya aproni yake. Kutoka nyumba ya kina Holida zikasikika honi za magari. Wageni wamefika.

Patir ilibaki moja, na posa haifungwi kwa mkate mmoja. Kwenye beseni kulikuwa na unga uliokandwa wa mikate midogo. Akaukusanya, akautandaza, akaupaka mafuta, akaukunja, akautandaza tena, akaugonga ua katikati. Akauacha upumzike huku yeye mwenyewe hapumziki. Akaongeza mabua. Kuta zikapiga weusi. Alizitazama kwa macho makavu, na alichokiona mle si masizi. Aliliona begi tupu kando ya mlango, na sinki lililojaa sahani.

Kuta zikageuka nyeupe.

Akalifungua takia, akauvunja ule mpini kwa goti, akautia motoni pamoja na kamba yake. Akashusha kitambaa cha kichwa, akavaa mkono wa nguo, akalowesha mgongo wa patir, akapiga moyo konde. Kisha akainama.

Joto lilimpokea kama kofi. Akasikia kitu kikitatarika juu ya jicho, akasikia harufu ya nywele, lakini alikuwa amekwisha kuingia, na safari hii hakufumba macho. Ndipo alipoona kwamba ndani kuna mwanga. Kutoka nje tanuri lilikuwa shimo tu. Ndani, ukuta ulikuwa karibu, mweupe, wenye vikwaruzo vidogo vinavyongoja kushika. Akaubandika mkate, akaukandamiza kwa kiganja, katikati, halafu kingo, ukingo kwa ukingo, kama anayemfunika mtoto blanketi. Akatoka, akavuta pumzi, akaingia na wa pili.

Akangoja kuusikia ukianguka. Haukuanguka. Wala ule wa kwanza. Patir zilikaa ukutani zikivimba na kupata rangi ya asali, na Oydin akacheka peke yake kwa sauti, mpaka paka wa Salomat-opa akakimbia.

Alizibeba mbio ndani ya kitambaa cha mezani, nyuso zake juu, moshi ukimfuata. Alipoingia uani kwa kina Holida wanawake walimtazama usoni, wakaangua kicheko. Holida, aliyekuwa amefichwa nyuma ya pazia, akatoa jicho moja.

"We Oydin, nyusi yako ya kulia iko wapi?"

"Imetangulia kwa mume wako, ikakutengenezee kitanda."

Wazee walizipokea patir, wakaziinua pamoja, mmoja akazivunja. Zililia kwa ukavu wake wa nje na kutoa mvuke kwa ulaini wake wa ndani. Wote wakasema amina, wakapangusa nyuso kwa viganja. Holida alikuwa ametolewa.

Jioni Salomat-opa alirudi kwenye tanuri. Akanusa hewa. Akaona kipande cha mpini ambacho moto haukukimaliza, na kamba juu yake. Kisha akanyoosha mkono. "Aproni yako imevimba. Nipe."

Oydin alimpa patir yenye majivu na kumweleza yote, bila kupunguza. "Niliona nina akili, opa."

"Kila mwanafunzi ana mpini wake," alisema Salomat-opa. "Wa kwangu ulikuwa waya." Akageuza uso kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza Oydin akatambua kwamba nyusi za mwanamke yule zilikuwa za kuchorwa. Salomat-opa alipangusa majivu, akaivunja patir ile vipande viwili, kimoja akamkabidhi. "Leo wameposwa wawili. Holida kwa yule kijana wake mwenye masikio makubwa. Na wewe kwa tanuri. Kula. Mkate ukishavunjwa haurudishwi."

Waliila pamoja na chai ya kijani, ikiwa chungu upande mmoja na tamu upande wa pili, na Oydin hakujua kama anatafuna au anacheka.

Treni ilipoondoka, Hamro alikwenda peke yake. Kabla ya kutoka aling'ata mkate kidogo, kama wafanyavyo wasafiri wa kwao, na uliobaki ukatundikwa ukutani umngoje mpaka arudi. Mkate huo uliokwa na Oydin, aliyekuwa amesimama kituoni akipunga mkono, nyusi moja imechorwa kwa usma na nyingine bado inaota, huku akichungulia saa, maana tanuri lilikuwa limewashwa na hakutaka likiwa jeupe yeye awe mbali. Kwa hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.