Mawe ya Shule ya Juu

Hapo zamani, lakini si zamani ya wafalme, palizuka fumbo katika kijiji kimoja cha milimani, na wote waliolisimulia tangu hapo wamelisimulia bila jibu. Bibi Nakiete, ambaye liliangukia mikononi mwake, alikufa akiliuliza bado. Lisikilizeni nanyi.

Kijiji kilikuwa na shule moja, na shule ilikuwa na kuta za mawe yaliyoshikwa kwa udongo. Mawe yale hayakuletwa na lori. Nakiete alipokuwa mtoto, kila Jumatatu kila mwanafunzi alipita kijitoni, akaokota jiwe lenye ukubwa wa kichwa chake mwenyewe, akasokota ngata ya majani ya mgomba, akapanda nalo. Ukija na dogo, unarudishwa. Ukungu wa asubuhi zile ulikuwa mzito hata mtu humwoni. Unasikia tu wimbo ukipanda mlima. Mwenzao mmoja, Kilave, alikuwa na kichwa kikubwa, nao wakamwimbia: "Kilave jiwe moja, ukuta umekwisha!" Naye akacheka kuliko wote. Miaka ikapita, kuta zikapanda, paa likaezekwa. Nakiete alisoma humo, na watoto wake wakasoma humo.

Kisha serikali ya nchi ile ikatunga sheria. Kila mtoto akapewa vocha ya elimu, mzazi aipeleke katika shule aitakayo, hata kama ni ya mtu binafsi.

"Inakwanguliwa wapi?" aliuliza Kilave, sasa mzee, sheria iliposomwa kijijini, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Vocha walizozijua zilikuwa za simu.

Bondeni palikuwa na shule ya mbao ya Mama Nakundwa, binti wa kijiji hicho hicho, naye alifundisha vizuri. Watoto wakaanza kuteremka na vocha zao, leo huyu, kesho yule. Elifuraha, mjukuu wa Nakiete, alifanya usaili, akateremka. Dada yake Nanzia hakuwa akisikia vizuri. Naye alifanya usaili, akakataliwa, akarudi. Juu wakabaki watoto wachache wa namna yake, pamoja na Mwalimu Senkondo, aliyemketisha Nanzia mbele na kusema naye uso kwa uso ili afuate midomo.

Halafu sheria ikaota mkia: shule isiyo na kuta za kudumu isipokee vocha tena baada ya likizo. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na saruji haikuweza kupanda. Tofali nalo halikauki kwenye ukungu, na kijito kilikuwa kimefurika, mawe yake hayafikiki. Mama Nakundwa akaja kuomba mawe ya shule ya juu.

Kijiji kikakutana darasani.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Mama Nakundwa. "Mawe yanastahili kuwafuata watoto, na watoto wako kwangu. Mkininyima, likizo ikiisha nafunga, na Mwalimu Senkondo peke yake hawawezi wote. Watakaa nyumbani."

"Kweli," watu wakasema.

"Basi chukua na hawa wa huku juu!" mama mmoja akapaza sauti.

"Ningependa, dada yangu. Lakini sheria inanipima kwa mitihani. Matokeo yakishuka, vocha zinaondoka. Sheria sikuitunga mimi."

Mwalimu Senkondo akasimama. "Mawe yanastahili kubaki na asiye na pa kwenda. Shule isiyo na jengo haipewi mwalimu. Kuta zikiondoka, nami nahamishwa. Wale wa bondeni walichagua. Hawa hawakuchaguliwa."

"Hilo nalo kweli," watu wakasema.

Mzee Kilave akainuka kwa shida. "Mawe yanastahili kuwa ya walioyabeba. Mnaiona shingo yangu ilivyo fupi? Mnadhani nilizaliwa nayo hivi?" Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. "Kila nikipita hapa nawaona wenzangu. Wengi wao wako makaburini. Tukiutawanya ukuta huu, tutakutana nao wapi?"

Hapo hata "kweli" haikusikika, ingawa kila mtu aliisema moyoni.

Ikapigwa kura ya mikono. Wanaotaka yateremke wakalingana na wanaotaka yabaki. Mkono mmoja tu haukuwa umeinuka.

"Nakiete dada," akasema Kilave, "mkono umeukalia?"

"Nimeukalia, maana kila upande una mjukuu wangu."

Alijikongoja hadi ukutani, akaweka kiganja juu ya jiwe. Mahali pale palikuwa na ubaridi hata jua likiwaka. Utotoni, yeye na wenzake walikuwa wakitoka kucheza wanakimbilia hapo kubandika mashavu, wanasukumana, anayewahi anapata jiwe lililo laini zaidi.

"Nikimnyima Elifuraha," akasema, "atanigombeza, nami nitamjibu. Nikimnyima Nanzia, atanitazama tu."

"Bibi, unaweza kulala nalo hili," akasema Mwalimu Senkondo kwa upole.

"Nikilala nalo, likizo itaisha na kuamua badala yangu, mwanangu." Akaondoa mkono ukutani. "Bondeni wako wengi. Yateremke. Lakini mtoto yeyote asibebeshwe. Sisi tulioyapandisha ndio tutakaoyateremsha."

Mama Nakundwa hakushukuru. Aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa upindo wa khanga.

Asubuhi wazee walifika, na kila mmoja akamngoja mwenziwe aanze. Paa lilikuwa limekwisha kushushwa na vijana, lakini hakuna aliyethubutu kugusa ukuta. Ndipo Mwalimu Senkondo alipoegemeza ngazi, akapanda, akalegeza jiwe la juu kabisa, akalishusha kwa mikono yake mwenyewe na kumpa Mzee Kilave. Kilave akampa Nakiete, na safu ya wazee ikaanza kuteremka mlima polepole. Nanzia alikuwa ameketi kwenye dawati lake la mbele, daftari wazi, akimtazama mwalimu midomo.

Basi semeni ninyi mliosikia: mama aliyekuwa na watoto wengi, mwalimu aliyebaki na wachache, na wazee walioyabeba kwa vichwa vyao. Je, nani alistahili mawe yale?