Baraka ya Barabara Kuu

Diwani Masanilo aliitisha mkutano wa maoni kuhusu barabara kuu ambayo, kwa huruma zake, ingefukia chemchemi ya kijiji na kulikwepa shamba lake. Kabla afisa wa mazingira, kijana aliyekuja kuandika maoni, hajafungua kinywa, diwani akatangaza: "Maoni ni huru kabisa. Atakayepinga, tutaonana baadaye."

Bi Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu, akasimama.

"Mheshimiwa, kwani barabara hii ina madhara?"

"Hata chembe! Ni baraka tupu!"

"Basi tunaona haya kuila baraka hii peke yetu. Ipite shambani kwako."

Wanawake wakapiga vigelegele. Diwani akaruka kitini kama aliyekalia siafu.

"Mna wazimu? Vumbi liue ng'ombe wangu? Oili chafu imwagike kisimani kwangu? Wanangu wanywe nini, lami?"

"Taratibu, baba, kijana anaandika." Nyamizi akamgeukia afisa. "Umeyapata yote, mwanangu?"

"Kila neno, mama."

"Basi yaandike hivyo hivyo kwa chemchemi yetu. Sisi tumekatazwa kuyasema, ndiyo maana tulimchagua diwani atusemee."