Mashine ya Bi Mwavua na Stika ya Arobaini

Isome hadi mwisho, kisha umpelekee yule ndugu yako anayependa kujikweza. Unamjua.

Kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika kilikuwa na desturi: bibi harusi avuke kwenda kwa mume kwa chombo cha kwao. Akifuatwa na chombo cha upande wa mume, atasimangwa mpaka meno yamtoke.

Bi Mwavua alikuwa akimwoza mjukuu wake, Zaituni, ng'ambo ya ghuba. Mashine yake ya boti ilikuwa kuukuu, lakini nzima. Akaivua kofia, akaipiga msasa mpaka rangi ya zamani na stika zilizochakaa zikaisha. Akapaka rangi ya msingi, akasubiri. Akapaka buluu, akasubiri tena. Mwisho akabandika stika mpya, akiikanda kwa kitambaa isibaki na mapovu. Ilisomeka 15, maana mashine ilikuwa ya nguvu za farasi kumi na tano. Iling'aa hadi akajitazama humo na kujiona bado yumo.

Mpwa wake, Rukonge, mwenye mashine ya aina hiyohiyo, akacheka.

"Shangazi, huko ni kumtia kizee wanja!"

"Wanja haumzuii kizee kutembea. Sema lako."

"Basi ungebandika ya arobaini, kama mimi. Nani atajua?"

Yeye hata msasa hakugusa. Alibandika hiyo ya arobaini juu ya stika ya zamani, vumbi na yote.

"Mashine itajua," akasema Bi Mwavua.

Siku ya harusi, Mzee Bilali, mshenga wa upande wa mume, alisimama ufukweni kupanga watu.

"Arobaini! Hapa apande bibi harusi, makungwi, ngoma, masanduku na mbuzi. Hiyo kumi na tano ibebe kina mama watatu."

"Mzee, hiyo ni sawa na yangu," Bi Mwavua akamwambia.

"Bibi, wivu huo. Namba si hiyo hapo?" Naye akapanda kwa Rukonge.

Katikati ya ghuba mashine ya Rukonge ikakohoa, ikafuka moshi, ikanyamaza. Ng'ambo waliona. Boti ya bwana harusi ikawashwa, ikaja mbio kumchukua Zaituni.

Bi Mwavua akawahi, akasogeza boti yake ubavuni, akamtania mjukuu wake.

"Mke mwenzangu, vukia huku! Na pete zako zisinichubue rangi."

Mzee Bilali, amekaa kati ya mbuzi, akaikwangua stika ya Rukonge kwa ukucha. Ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake: 15.

Boti ya bwana harusi ilipofika, Zaituni alikuwa keshaketi kwa Bi Mwavua, vigelegele juu.

"Tumekuja kumchukua bibi harusi," wakasema.

"Bibi harusi ana chombo cha kwao," akajibu Bi Mwavua, akiongeza moto. "Nyie ivuteni hiyo arobaini."

Funzo: Kipambe kilicho chako, lakini kiite kwa jina lake. Ukijiita mkubwa, utabebeshwa mzigo wa wakubwa.