Takataka za Bwana Shekue

Mjini Korogwe kulikuwa na mshona mapazia aitwaye Mwantumu, mpole wa sura tu. Mama yake alikuwa amevunjika mguu na kuchoka kutazama dari, naye Mwantumu akataka kumnunulia kifaa cha kuchomeka kwenye televisheni yao ya zamani, apate kuona tamthilia za mtandaoni.

Akaenda kwa Bwana Shekue, muuza vifaa hivyo pekee pale mjini. Duka lilikuwa limejaa wateja.

"Nataka hiki kidogo cha elfu hamsini," akasema Mwantumu.

"Hicho ni takataka, dada. Kinakwamakwama, halafu kinaunguza televisheni. Chukua hiki kikubwa, laki tatu tu."

"Kweli kinaunguza?"

"Haki ya Mungu!"

Mwantumu akajishika kifua. "Umeniokoa, kaka yangu. Basi nifungie kikubwa."

Shekue akachekelea, akageuka kutafuta mfuko. Alipogeuka tena, akamkuta Mwantumu ameinua katoni nzima ya vile vidogo juu ya ndoo ya maji ya kupigia deki.

"We dada, unafanya nini?"

"Nakusaidia kutupa. Visije vikaunguza nyumba za watu, ukafungwa bure."

Katoni ikainama. Kimoja kikachungulia.

"Acha!" Shekue akapiga yowe. "Ni vizima! Vinaonyesha kila kinachoonyeshwa na kile kikubwa! Hata mimi nyumbani natumia hicho hicho!"

Mwantumu akaitua katoni taratibu, akatoa elfu hamsini.

"Basi nipe kimoja, kaka."

"Na mimi," akasema mzee aliyekuwa nyuma yake, na foleni nzima ikaitikia.