Ukuta Alioutoboa Wakili Sekela

Mtoboa ukuta asilaumu jicho. Nimewasikia asubuhi mkirushiana maneno hayo, mkimcheka mwenzenu aliyeponzwa na hoja yake mwenyewe, kisha mkaniuliza yalitoka wapi. Chekeni mngali na meno. Yalikotoka, vijana wangu, hapakuwa na kicheko.

Palikuwa na wakili aliyeitwa Sekela Mwaipaja, mwajiriwa wa ofisi iliyosimamia kampuni za simu. Hakuna aliyezijua kanuni za mawasiliano kumzidi, kwa sababu nyingi alizitunga yeye. Mojawapo ilisema kwamba ofisi yoyote ya umma yenye sababu ya msingi inaweza kuiomba kampuni taarifa za mteja: amempigia nani, lini, na akiwa wapi. Nani aipime hiyo sababu ya msingi, kanuni haikusema. Sekela aliona kumsumbua hakimu kwa kila ombi ni kupoteza wakati.

Wa kwanza kuumia alikuwa Mwalimu Komba, aliyempigia mwandishi wa gazeti akamweleza namna chakula cha wanafunzi kinavyoibwa. Ofisi ya elimu ikaomba taarifa za simu zake, ikapewa siku hiyohiyo, na Mwalimu akafukuzwa kazi. Akashtaki, akashindwa, akakata rufaa.

Siku ya rufaa Sekela alisimama kuitetea kanuni yake. Kwanza alionyesha kwamba laini ile ilisajiliwa kwa jina la shule, si la Mwalimu, kwa hiyo Mwalimu hakuwa na haki ya kulalamika. Majaji wakatazamana, wakaonekana wameridhika. Jaji kiongozi akavua miwani.

"Wakili, hoja hii peke yake inatosha kuimaliza rufaa. Bado unataka tuamue kama kanuni yenyewe ni halali?"

Hapo wakili mwenye busara huinama, akasema inatosha, akaenda zake nyumbani. Lakini Sekela alitaka hukumu itakayosomwa vyuoni, yenye jina lake ndani. Nanyi msijifanye hamuijui njaa hiyo. Naiona machoni mwenu kila mnapovaa majoho.

"Tunaomba mwamue, waheshimiwa," alisema. "Mwamue kabisa, ili swali hili lisirudi tena."

Wakaamua. Kanuni ni halali. Sababu itapimwa na ofisi inayoomba. Kampuni haina wajibu wa kuuliza zaidi. Nje, Sekela alipewa mikono ya pongezi mpaka akachoka. Mwalimu Komba alingoja watu wapungue, akamsogelea.

"Ungeweza kunishinda mimi tu, binti yangu. Umewashinda na wasiokuwepo. Leo umetoboa ukuta wa kila nyumba, na jicho litakalochungulia hutalichagua wewe."

"Sheria ndiyo sheria, Mwalimu. Pole," alijibu Sekela, huku akiangalia saa.

Hukumu ile ikamjengea jina. Akaiacha ofisi, akafungua chemba yake ya uwakili, na kampuni zilezile alizokuwa akizisimamia zikawa wateja wake. Mwalimu alimtoka akilini kama mvua ya mwaka jana.

Sekela alikuwa na mtoto mmoja tu, Atupele, aliyeolewa na ofisa ardhi wa wilaya, mtu wa tabasamu jingi na mkono mzito. Alipochoka kupigwa, Atupele alitoroka, akapanga chumba katika mji wa mbali, na hakumwambia mtu ila mama yake. Mume hakuhangaika kuulizauliza. Aliandika barua kwenye karatasi ya ofisi yake kwamba Atupele anahitajika katika mgogoro wa kiwanja, akaigonga mhuri. Kampuni ikamwambia simu inalala wapi. Akaenda, akamvunja nyonga.

Atupele alitoka hospitali akichechemea. Mume alipewa onyo, akarudi kwenye kiti chake, na huko aliapa mbele ya watu kwamba atamtafuta tena.

Sekela akaishtaki kampuni. Hakudai fidia. Alitaka jambo moja tu: kampuni ikatazwe kumtaja mwanawe alipo kwa barua tupu isiyo na amri ya hakimu. Alishindwa mahakama ya chini, akapanda kwenye rufaa, katika ukumbi uleule.

Siku hiyo alisema kama mzazi na kama wakili, akawasihi majaji wauache uamuzi wa zamani. Alipoketi, akainuka wakili wa kampuni, Zuberi Kaoneka, kijana ambaye Sekela mwenyewe alimfundisha kazi. Zuberi hakumtazama usoni.

"Waheshimiwa, sina hoja mpya. Naomba kusoma zilizotolewa hapahapa, katika rufaa ya Komba, na wakili huyu anayenipinga leo."

Akasoma, hoja moja baada ya nyingine, mpaka lile ombi la mwisho: ili swali hili lisirudi tena.

Jaji akamgeukia Sekela kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko kejeli. "Wakili, hebu tuonyeshe kasoro katika hoja hizi."

Sekela akaitafuta kasoro. Hakuiona, kwa sababu enzi zile alikuwa ameziba kila ufa kwa mikono yake.

Rufaa ikatupwa. Nje ya ukumbi Sekela alijikuta akimtafuta Mwalimu Komba kati ya watu, apate kumwomba radhi, ingawa alijua Mwalimu alikwisha kufa zamani, bila kazi na bila kusafishwa jina. Akaja Atupele, akajiegemeza ukutani, akaifungua simu yake. Akatoa laini, akaiweka kiganjani mwa mama yake.

"Nikibaki nayo atanipata. Nikisajili nyingine kwa jina langu, atanipata."

"Sasa nitakusikiaje, mwanangu?"

"Hutanisikia, mama. Wala usiniulize ninakokwenda. Nawe una simu."

Sekela alitaka kumshika mkono, akashindwa.

"Nimlaumu nani?" Atupele aliuliza, sasa akilia. "Kampuni? Majaji? Au huyo Zuberi wako?"

"Waache hao," Sekela alisema. "Ukuta niliutoboa mimi. Mtoboa ukuta asilaumu jicho."

Makarani waliokuwa wakipita waliyasikia maneno hayo, wakayachukua, na ndivyo yalivyowafikia nyinyi mnaoyafanyia mzaha. Atupele alishuka ngazi akichechemea, na mama yake hakumwona tena. Sekela aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuizima simu yake hata kanisani, na kila alipopigiwa kwa namba ngeni alisema "Atupele?" kabla ya salamu. Kila mara alikuwa mteja, au mtu aliyekosea namba.

Basi siku jaji atakapovua miwani akuulize kama hoja moja inatosha, mkumbuke mama huyo kabla hujafungua kinywa. Mtoboa ukuta asilaumu jicho.